Mtemi Shimba Hasomi Barua

"Rudi mjini, Ogweno. Nakuomba."

Hayo ndiyo maneno niliyompokea nayo baada ya wiki nzima ya kutoonana. Alikuwa amesimama nyuma ya jiko la nje, mahali ambapo dirisha la sebuleni halifiki, kofia mkononi, shati lake jeupe la kanisani limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Mtu amependeza hivyo, halafu mimi namfukuza. Moyo wangu ulikuwa unasema jambo lingine kabisa.

"Sijaja kukuona wewe," alisema. "Nimekuja kwenye gemu. Ni Jumapili, saa tisa. Kila Jumapili saa tisa nipo."

"Gemu tunachezea Nyamagana. Hapa ni kwa baba yangu."

"Shigela kanitumia meseji kwamba leo mnachezea Kisesa."

Shigela ana mdomo. "Na hakukwambia kwamba wewe hukualikwa?"

"Aliniambia. Nikaja."

Kwetu, na hata kwao Shirati, kijana ambaye barua yake ya posa haijajibiwa hakanyagi nyumba ya msichana. Anakaa mbali na kungoja, wanaotembea ni wazee. Barua ya Ogweno ililetwa na mjomba wake, Mzee Owuor, mwezi wa pili, na sasa tulikuwa mwezi wa sita. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini ya redio, na hapo ikabaki bila kufunguliwa. Hakuikataa, maana angeirudisha. Hakuikubali, maana angewaita ndugu wakae kikao. Aliilalia tu. Nami sikuruhusiwa kuigusa, kwa sababu binti hafungui barua ya posa yake mwenyewe. Kila asubuhi nilifuta vumbi pale kwenye meza ya redio, nikaizunguka ile bahasha, nikaiacha kama ilivyo.

Shangazi yangu Justa alikuwa na maelezo yake. "Mtoto wa mwalimu mkuu kwa fundi injini, tena Mjaluo wa huko Rorya? Baba yako hawezi kulitamka, ndiyo maana amenyamaza." Niliamini hivyo. Wote tuliamini hivyo.

"Keshokutwa Mzee Owuor anakuja," Ogweno alisema, safari hii akiangalia kofia yake. "Anakuja kuichukua."

"Kuichukua nini?"

"Barua. Baba ameamua. Anasema miezi minne ya kimya ni jibu tosha. Na ikirudi Shirati, Kashi, kwetu haiandikwi tena kwenye nyumba ile ile. Nimembembeleza mpaka nimechoka."

Nilishika ukuta wa jiko. Ulikuwa wa moto, maana mchana kutwa jua lilikuwa limeupiga, lakini sikuuachia. Jumanne. Nilikuwa na siku mbili, na nilikuwa nimezipanga kwa kufua mapazia.

"Kwa hiyo umekuja kuaga," nilisema.

"Nimekuja kucheza. Kama ni kuaga, basi niage tukiwa tumekaa meza moja."

Ningekuwa msichana mwenye msimamo ningemrudisha. Lakini nilimpenda, na nilikuwa na hamu naye, na hamu haina msimamo.

"Utakaa kimya," nilimwambia. "Jina lako hulitaji. Baba hajawahi kukuona. Ndani wewe ni Tarishi, kama kwenye gemu, basi."

"Tarishi," alikubali, akavaa kofia, akakumbuka anaingia ndani, akaivua tena.

Niwaeleze kidogo kuhusu hii gemu, maana ndiyo iliyotukutanisha. Si karata wala bao. Watu mnakaa mezani, kila mmoja anabeba mhusika wake, na mmoja wenu anakuwa msimulizi: anaieleza nchi, anawasemea watu wengine wote waliomo, na jambo likiwa na mashaka linaamuliwa na dadu yenye pande ishirini. Namba kubwa umefaulu, namba ndogo shauri yako. Mimi ndiye msimulizi. Nilijifunza chuoni, nikaileta kwenye chumba cha nyuma cha steshenari ninakofanya kazi. Siku moja Ogweno alikuja kupiga lamineshi cheti chake cha ufundi wa injini za boti, akaziona dadu juu ya mashine, akauliza ni za nini. Cheti alikisahau pale wiki mbili. Anadai alikisahau.

Nchi yetu ya kubuni inaitwa Mabwe Saba, vilima vya mawe kando ya ziwa ambalo hakuna aliyewahi kuliona ng'ambo yake. Anayeitawala ni Mtemi Shimba, mwenye miaka themanini na kitu. Ukungu unatoka ziwani unameza visiwa kimoja kimoja, na cha kuurudisha nyuma ni ngoma ya nchi tu, ambayo Mtemi peke yake huipiga, akiwa juu ya jiwe la juu kabisa, pale ukungu unapoanza kuonekana. Lakini Mtemi Shimba haipigi. Wala hampi mwingine.

Mtawala mzee ni mhusika mgumu kuliko watu wanavyodhani. Kuna njia rahisi za kumtumia, na nilizikataa. Unaweza kumuua siku ya kwanza ili wengine wagombanie kiti. Unaweza kumfanya mzee aliyepotewa na akili, watu wakamcheka, au ukamfanya katili ili wamwondoe kwa roho nyeupe. Mimi nilimtaka mzee mwenye akili zake timamu, anayewapenda watu wake, na bado anawakwamisha. Kijana akishika nchi anaamrisha tu. Mzee ana cha kupoteza, na anajua muda wa kukipata tena hana. Nilijivunia sana mawazo hayo, nikayaandika kwenye kauntabuku kwa kalamu nyekundu. Tatizo likawa moja: hata mimi niliyemtunga sikujua kwa nini hapigi ngoma. Wiki tatu mfululizo Tarishi, mhusika wa Ogweno, alikuwa amekaa langoni na barua kutoka visiwani, na kila nilipofungua mdomo kumjibia Mtemi, sikupata la kusema. Nilikuwa nakijua kimya chake. Nilikuwa naishi nacho nyumba moja.

Siku hiyo tulihamia Kisesa kwa sababu ya goti la baba. Alhamisi alikosa kipandio cha baraza, kipandio kile kile alichokikanyaga miaka thelathini, akaanguka. Nisingeweza kumwacha peke yake.

Tulipoingia, Gladness na Shigela walikuwa wameshakaa. Gladness ni muuguzi, mtu wa maneno machache, na kwenye gemu ni mganga wa mitishamba. Shigela ni karani wa ofisi moja mjini, mpole kazini, lakini ukimpa dadu anakuwa jemadari wa jeshi. Baba alikuwa kwenye kiti chake kando ya redio, mguu juu ya stuli. Alikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na miwili, na hata akiwa na goti lililovimba hukaa mkao wa mtu anayesubiri darasa linyamaze.

"Shikamoo, Mwalimu," Ogweno alisema.

Baba aligeuza uso taratibu kuufuata mlango. "Marahaba. Wewe ni nani?"

"Tarishi, Mwalimu."

"Tarishi wa nani?"

"Wa watu wa visiwani."

Nilisubiri nyumba ituangukie. Baba alivuta pumzi ndefu kwa pua, akatikisa kichwa kidogo. "Haya. Kaeni mcheze. Mimi nasikiliza redio."

Redio ilikuwa imezimwa.

Tulicheza. Mimi niliueleza ukungu ulivyomeza kisiwa cha nne, Gladness akatibu waliookolewa, na Ogweno alikaa mkabala nami, akinitazama kila nilipoinamia daftari na kuangalia pembeni kila nilipoinua macho. Nami nilimtazama kwa kuibia. Vidole vyake vilikuwa vimesuguliwa mpaka vimekuwa vyekundu, lakini weusi wa grisi ulibaki kwenye kingo za kucha. Nilijiambia nivikariri, kwa sababu Jumanne haikuwa mbali.

"Jamani, tumalize hili jambo leo," Shigela alisema. "Naingia ndani na askari wangu, nachukua ngoma."

"Tarishi hajajibiwa," Ogweno alisema.

"Atajibiwa na Mtemi mpya. Wiki tatu, bwana. Huyu mzee ni king'ang'anizi. Kiti chenyewe hakikalii, ngoma haipigi, watu wanakufa. Tumng'oe."

"Nani anamsemea huyo Mtemi?"

Baba ndiye aliyeuliza. Wote tuligeuka.

"Mimi, baba," nilisema.

"Unamsemea vibaya."

Shigela alijikuna shingo. Mimi nilihisi masikio yakichemka, kama nilivyohisi miaka ile nilipokuwa darasa la tatu naye ananirudishia daftari.

"Umemwacha mtu langoni wiki tatu na barua mkononi," baba aliendelea, "na hujasema Mtemi anafanya nini humo ndani. Mtu mzima hakai ndani wiki tatu bila sababu."

"Sababu gani, baba?"

"Wewe ndiye uliyemtunga."

"Sijaijua."

"Basi Mwalimu amsemee," Gladness alisema kwa upole. "Kama hajachoka."

Nilitegemea akatae. Badala yake alishusha mguu kwenye stuli. Ogweno aliwahi kuinuka, akamshika kiwiko, na baba akaukubali mkono ule bila kuuliza ni wa nani. Walikuja mezani hatua kwa hatua. Kabla ya kukaa, baba alipitisha vidole kwenye ukingo wa meza, ile meza yetu ya mninga aliyoichonga babu, mpaka alipoipata kona. Ndipo akakaa.

"Mtemi Shimba," Shigela alisema, ameshavaa sauti yake ya jemadari, "nchi inaliwa. Tupe ngoma."

"Una umri gani, jemadari?"

"Thelathini na miwili."

"Nikikupa utaipiga saa ngapi?"

"Usiku na mchana."

"Wiki moja watu wataizoea, ya pili watailalia usingizi." Baba hakupandisha sauti, lakini ilikuwa sauti nyingine, nzito kidogo, ya mtu aliyetawala. "Ngoma inapigwa ukungu unapotokea. Kupiga si kazi, hata mtoto anapiga. Kazi ni kutazama."

"Sasa kama unalijua hilo, mbona hupigi?"

Baba alinyamaza. Ni kimya kile kile. Ila safari hii nilikuwa nimekaa karibu yake, nikaona vidole vyake vikirudi kwenye ukingo wa meza.

"Turushe dadu," nilisema, nipate kumwokoa. "Jemadari anataka kulazimisha. Mtemi akipata zaidi ya kumi, jemadari anarudi nyuma."

Nilimwekea dadu mbele yake. Mkono wake ulitua pembeni, ukapapasa ubao, ukaikuta, ukaifumbata. Akairusha. Ilibiringika, ikagonga kikombe cha Gladness, ikarudi, ikatulia karibu kabisa na kidole chake cha shahada.

"Ngapi?" aliuliza.

Namba ilikuwa pale pale, nyeupe juu ya dadu nyeusi.

"Kumi na nane, Mtemi," Ogweno alisema, akaniangalia. Safari hii hakukwepesha macho, wala mimi.

"Haya, nimerudi nyuma," Shigela alinung'unika.

"Tarishi aje," baba alisema.

Kwa ajili ya barua ya visiwani nilikuwa nimeandaa karatasi halisi. Niliichapa kazini kwenye karatasi ya kaki, maandishi upande mmoja, upande wa pili mtupu. Napenda wachezaji washike kitu. Ogweno aliinuka, akaitoa kwa mikono miwili, kichwa kimeinama.

Baba aliipokea. Akaikunjua, akaiinua kwa umbali ule ule aliokuwa akisomea magazeti yake zamani. Maandishi yalitutazama sisi. Yeye aliushika upande mtupu, na macho yake yakaanza kutoka kushoto kwenda kulia, yakashuka, yakaanza tena kushoto, mstari baada ya mstari, kwa utulivu wa mtu aliyesoma maisha yake yote. Alisoma hivyo karatasi isiyo na kitu.

Gladness alivuta pumzi kwa mshtuko, akaweka kiganja mdomoni.

Nadhani baba aliisikia ile pumzi yake. Aliishusha karatasi polepole.

"Mtemi hasomi barua," alisema. "Mtemi husomewa."

Watu husema unaelewa jambo kwa ghafla. Mimi niliyaelewa mambo mengi, moja moja, na kila moja liliuma kivyake. Gazeti aliloacha kuagiza tangu mwaka jana, akasema siku hizi hawajui kuandika. Chai iliyomwagika kando ya kikombe. Biblia aliyoanza kuniambia nimsomee mimi, ati nijizoeze sauti. Kipandio cha baraza. Na bahasha iliyokaa miezi minne chini ya redio ya mtu ambaye asingeweza kuisoma, na asingeweza kumwomba yeyote amsomee, kwa sababu alikuwa Mwalimu Luhende aliyefundisha nusu ya Kisesa kusoma.

Nami nilikuwa nimemkasirikia. Miezi minne nilimpikia ugali nikiwa nimemnunia.

Nilisimama. Nilikwenda kwenye redio, nikaivuta ile bahasha. Ogweno alipoiona mkononi mwangu alisimama pia.

"Kashi, hiyo siyo ya gemu."

"Naijua ni ipi." Nilirudi nikasimama mbele ya baba. Ningeweza kumuuliza pale pale, baba huoni? Angekataa mbele ya wageni, na akishakataa asingerudi nyuma. Basi nikabaki Mabwe Saba. "Mtemi, langoni kuna barua nyingine. Ina miezi minne. Nayo isomwe?"

Alijua. Vidole vyake vilianza kuigonga meza taratibu.

"Anayetakiwa kuisoma hiyo ni kaka yako Paulo," alisema, na hiyo haikuwa sauti ya Mtemi. "Au baba yako mdogo. Binti hafungui barua yake."

"Najua, baba. Paulo yuko Dodoma na hajaitwa. Keshokutwa wenyewe wanakuja kuichukua. Msimulizi yuko hapa."

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikusubiri, nikaichana bahasha.

"Mimi nitoke nje, Mwalimu," Ogweno alisema haraka. "Sitakiwi kuisikia."

"Kaa chini. Tarishi akitoka, jibu nitampa nani?" Baba aligeuza uso upande wake. "Na nikwambie kitu, kijana. Oili ya injini haiondoki kwa pasi. Nimeisikia tangu unapita mlangoni."

"Samahani, Mwalimu."

"Sikusema ni kosa. Kashindye, soma."

Nilisoma. Ilikuwa kwa mwandiko wa Mzee Owuor, wa zamani, uliolala upande mmoja. Yah: Maombi ya kumposa binti yenu Kashindye. Salamu za ukoo wa Ogweno wa Shirati. Kijana wao ameona ua kwenye bustani yetu. Yote yalikuwa kama barua za namna hiyo zinavyokuwa. Halafu nikafika aya ya mwisho, na sikuitegemea.

"'Tumesikia kuwa Mwalimu amebaki na binti huyu peke yake tangu mama alipofariki,'" nilisoma. "'Kijana wetu ameomba tuliandike hili, ingawa si desturi yetu. Anaomba, iwapo mtamkubalia, apange nyumba hapo hapo Kisesa, ili Mwalimu asiachwe. Yeye atakuwa akienda kazini Mwanza na kurudi. Tulimkatalia kwanza. Amesisitiza. Tumeona tuwaambie.'"

Nilimwangalia Ogweno. Alikuwa anaiangalia dadu.

"Hukuniambia," nilisema.

"Haikuwa barua yako," alijibu.

Baba aliinamisha kichwa.

"Jemadari aliuliza kwa nini Mtemi hapigi ngoma," baba alisema hatimaye. Sauti ya Mtemi ilikuwa imerudi, lakini ilikuwa imechoka. "Mtemi haoni. Ndiyo sababu. Kila asubuhi anapanda juu ya jiwe, anatazama, na kwake kila kitu ni ukungu. Hajui upi ni wa kweli. Akipiga ovyo watamgundua. Basi hapigi."

"Angesema," Shigela alisema, safari hii bila ujemadari wowote.

"Aseme kwa nani? Ana binti. Akisema, binti yule hatatoka tena nje ya boma. Atakataa kila anayekuja, akae amwongoze baba yake njia ya chooni mpaka anazeeka naye. Mtemi anamjua binti yake. Basi akaona anyamaze, binti asijue, aolewe salama." Alitandaza kiganja juu ya meza. "Halafu barua ikaja. Na Mtemi mwenye akili zake zote akakuta hawezi kuikubali barua asiyoijua imesema nini, na hawezi kumwomba mtu aisome. Akaiweka chini ya redio. Akasema kesho. Kesho zikawa miezi minne."

Mabwe Saba hakuna redio. Hakuna aliyemsahihisha.

Nilipiga magoti chini kando ya kiti chake, nikalaza uso kwenye goti lake lililo zima. Nililia bila aibu. Mkono wake ulinitafuta, ukagusa sikio kwanza, kisha ukafika kichwani.

"Nilidhani humtaki," nilisema. "Kwa sababu ni Mjaluo. Kwa sababu ni fundi. Shangazi Justa alisema."

"Justa anasema mengi. Mimi nilimuuliza Mzee Owuor swali moja siku ile: kijana anakunywa? Akasema hanywi. Mengine nilitaka kuyasoma mwenyewe." Akageuza uso upande mwingine wa meza. "Gladness, mama, kliniki ya macho pale kwenu ni siku gani?"

"Jumatano, Mwalimu. Nitakupokea mwenyewe. Ila nisikudanganye, kama ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi. Tunalinda kilichobaki."

"Kimebaki kidogo. Mwanga wa dirisha nauona. Tulinde hicho hicho." Kisha akanyoosha mgongo, akawa mwalimu mkuu. "Kashindye, futa machozi. Kalamu na karatasi. Tarishi anasubiri."

Niliketi. Chini ya meza, mkono wa Ogweno ulinipata, ukanishika mara moja kwa nguvu, ukaniachia ili niandike.

"Kwa ukoo wa Ogweno, Shirati," baba alianza, akisema polepole kama imla. "Barua yenu tumeisoma. Mkato. Tunaomba radhi kwa kuchelewa. Kosa ni letu, si la binti. Nukta. Mzee Owuor akija Jumanne asije kuchukua kitu. Aje kupanga siku ya ninyi kuja. Mje mchana, nyote, nizisikie sauti zenu. Suala la nyumba tutalizungumza mkifika." Aligeuza sikio upande wa kalamu. "Umeandika nizisikie?"

"Nimeandika, baba."

"Mwandiko wako bado mbaya?"

"Bado."

"Haya. Nipe nitie sahihi."

"Nikushike mkono?"

"Jina langu nalijua. Nionyeshe pa kuanzia tu."

Ogweno ndiye aliyemwongoza. Alichukua ule mkono wa baba wenye kalamu kwa vidole vyake vyenye grisi kwenye kucha, akauweka chini ya mstari wa mwisho, akaondoa mkono wake haraka, kwa adabu. Baba aliandika kwa mwandiko ule mzuri wa ubaoni ninaoukumbuka tangu utotoni, mkubwa, wa kuunganisha. Hakuuona mwisho wa karatasi. Kalamu iliteremka pembeni, ikaendelea juu ya mbao za mninga mpaka ilipomaliza, na akaweka nukta.

"Imekaa vizuri?" aliuliza.

"Imekaa vizuri sana, Mwalimu," Ogweno alisema.

Barua aliyopokea Mzee Owuor Jumanne ilikuwa na sahihi ya mtu aitwaye Luhe. Aliisoma mara mbili, tukamweleza kuhusu macho ya Mwalimu, akavua miwani. Herufi tatu zilizobaki ziko mezani kwetu mpaka leo, na nukta yake. Kila asubuhi nikifuta vumbi nazizunguka, naziacha kama zilivyo.